Jua na upepo wa nchi za Wasomali: je, navyo vitagombaniwa?

Swali: Assalamu alaykum, Mtaalamu. Mimi ni mwalimu katika kaunti ya Wajir. Kampuni moja imewaendea wazee wetu ikiomba eneo kubwa la malisho ili ijenge mitambo ya umeme wa jua na, baadaye, wa upepo. Wametuambia kwamba mafuta na madini huleta vita kwa sababu huisha, lakini jua na upepo haviishi, kwa hiyo hakuna wa kuvigombania. Mkutano wa kuamua umepangwa Februari. Wazee wanakumbuka mengi yaliyotokea kwetu na kwa ndugu zetu wa Somalia na Ethiopia, na wana wasiwasi. Je, maneno ya kampuni ni ya kweli?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam, Mwalimu. Maneno hayo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayowaumiza msipoitazama mapema. Ni kweli kwamba jua halichimbwi likaisha, na kwamba upepo uliozungusha mtambo leo haumpunguzii jirani upepo wa kesho. Lakini ukiutazama kwa makini ugomvi wa gesi, mafuta na madini katika nchi za Wasomali, utaona kwamba haukuanza kwa sababu mali ilikuwa inaisha. Mara nyingi ulianza kabla mali yenyewe haijatolewa ardhini. Watu waligombania ardhi iliyo juu ya mali, maji yaliyo karibu nayo, njia ya mifugo iliyozibwa, na fedha zilizopita mikononi mwa wachache huku wengi wakiwa hawajui kwamba kuna fedha. Mambo hayo manne yote yamo katika umeme wa jua kama yalivyomo katika gesi.

Chukua gesi ya Calub, katika jimbo la Wasomali la Ethiopia. Iligunduliwa miaka ya 1970, na kwa miongo kadhaa wenyeji waliisikia tu ikitajwa. Mnamo Aprili 2007 wapiganaji wa ONLF, kundi la Wasomali wa Ogaden lililopigania kujitawala, walivamia kambi ya watafuta mafuta huko Abole wakaua watu zaidi ya 70, wakiwemo Wachina 9, na kampeni ya kijeshi iliyofuata ikawaangukia raia ambao hawakuwa na kambi wala bunduki. Mkataba wa amani kati ya serikali ya Ethiopia na ONLF ulikuja kutiwa saini mwaka 2018. Wakati damu hiyo ilipomwagika, hapakuwa na gesi yoyote iliyokwisha kuuzwa kutoka Calub. Kilichokuwapo ni vibali vilivyotolewa mbali, wageni waliokuja chini ya ulinzi wa askari, na watu walioona kwamba nchi yao inagawanywa wao wakiwa nje ya chumba. Habari ya Sanaag, kaskazini mwa Somalia, inafanana na hiyo: mwaka 2006 utawala wa Puntland uliruhusu utafutaji wa madini huko Majiyahan bila kuwaridhisha wakazi, mapigano yakazuka, na miaka michache baadaye milima ya jirani karibu na Galgala ikawa ngome ya wanamgambo ambao hatimaye walijiunga na Al-Shabaab. Madini yenyewe yalikuwa bado yamelala chini.

Kwa hiyo swali la kuwauliza wawekezaji wenu si kama jua huisha au haliishi. Waulizeni mitambo itakaa wapi hasa, na mahali hapo ni pa nani katika majira gani ya mwaka.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo wataalamu wengi wa umeme wanapokosea. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, kinatoa megawati zipatazo 50 na kimejengwa kwenye hekta 85 hivi. Mhandisi akiitazama ramani ya kaunti zetu na kuona ukubwa wa nchi, hekta 85 humwonekea kama tone la maji baharini, na kwa hesabu ya eneo ana haki. Mfugaji hahesabu hivyo. Kwake nchi si eneo moja lililo sawa kila mahali. Ni visima kadhaa, mabonde machache yanayobaki na majani hadi mwisho wa jilaal, yale majira ya ukavu kabla ya mvua za Aprili, na njia zinazoviunganisha. Ukichukua hekta 85 za nchi kavu iliyo mbali na maji, huenda asihisi kitu. Ukichukua hekta 10 zilizoziba mlango wa bonde la kiangazi, umemnyima bonde zima. Na kwa bahati mbaya paneli hupenda mahali pale pale ambapo mifugo hupita: nchi tambarare, karibu na barabara, karibu na mji, isiyo mbali na nyaya za umeme. Paneli hutaka uzio pia, kwa sababu mbuzi na ngamia huziharibu na wezi huzipenda. Mitambo ya upepo ni tofauti kwa jambo hili, kwani nguzo zake husimama mbalimbali na wanyama wanaweza kulisha katikati yake, ingawa barabara za kuihudumia hukata nchi na huleta wageni. Basi msikubali kujadili jua na upepo kama ombi moja. Kila kimoja kinadai ardhi kwa namna yake, na kila kimoja kinahitaji makubaliano yake.

Tena hamna haja ya kwenda hadi Ethiopia kutafuta mfano wa mradi wa umeme safi uliozua mashaka ya ardhi. Jirani zenu wa Marsabit wana mradi mkubwa wa upepo karibu na Ziwa Turkana, wa megawati 310, ambao umeisaidia gridi ya Kenya kupunguza mafuta ya dizeli na ambao kwa upande wa uhandisi ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo wakazi walifungua kesi mwaka 2014, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati miliki za ardhi ya mradi, inayofikia ekari 150,000, hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Mitambo ilikuwa imekwisha kusimama na kuzunguka. Hakuna aliyefaidika na hali hiyo, si wenyeji wala wawekezaji.

Nyinyi mna bahati moja ambayo watu wa Marsabit hawakuwa nayo walipoanza, nayo ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Isomeni, au mwombeni wakili awasomee kwa Kisomali mbele ya watu wote. Sheria hiyo inasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana tu, na kwamba kaunti haina ruhusa ya kuiuza wala kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Inasema pia kwamba mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii lazima utanguliwe na mashauriano ya wazi na uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano mkuu ulioitishwa kwa jambo hilo. Mkataba unapaswa kueleza athari kwa mazingira na maisha ya watu, fidia na mrabaha, mafunzo kwa wenyeji, na jinsi ardhi itakavyorudishwa katika hali yake mradi ukiisha. Narudia maneno “watu wazima wa jamii” kwa makusudi. Sahihi za wazee 12, hata wawe na heshima kiasi gani, hazitoshi, na ninyi mnajua kuliko mimi kwamba wanawake na vijana hawakai katika duara la wazee chini ya mti.

Kuna upungufu katika sheria ambao wawekezaji hawatautaja. Sheria za Kenya za mwaka 2019 zinaweka fungu la jamii katika mapato ya mafuta na katika mrabaha wa joto la ardhi, lakini jua na upepo havikuwekewa fungu kama hilo. Maana yake ni kwamba chochote mtakachopata kitatokana na mkataba wenu wa ardhi, na kisichoandikwa humo hakitakuwapo. Mimi nashauri mdai kodi ya ardhi inayopanda kila baada ya miaka kadhaa, pamoja na sehemu ndogo ya mapato ya umeme unaouzwa. Kodi peke yake hupoteza thamani, na malipo ya mara moja huisha kwa magari na harusi kabla nyasi hazijaota juu ya mashimo ya nguzo.

Sasa niseme juu ya maji, maana katika nchi kavu umeme ukifika hukimbilia kwenye kisima kabla haujafika kwenye taa. Pampu ya sola imewaondolea watu wengi wa kaskazini mzigo wa dizeli, na sitaki mtu aelewe kwamba naipinga. Kisima kirefu cha jenereta kilikuwa kikifa kila fedha za mafuta zilipokosekana, na kilikuwa kikifa hasa wakati wa ukame, ambapo ndipo mafuta yalipohitajika zaidi. Lakini dizeli, kwa ughali wake, ilikuwa pia breki. Mtu hakupampu maji asiyoyahitaji. Pampu ya sola ikishalipiwa, kila saa ya jua ni maji ya bure, na kisima kinachotoa maji bure mwaka mzima huvuta mifugo, kisha nyumba, kisha maduka, kisha kijiji cha kudumu, hadi majani ya maili kadhaa kukizunguka yanaisha na waliokuwa wageni wa kiangazi wanadai kuwa wenyeji. Wasomali wa Haud, nyanda za malisho za mpakani mwa Ethiopia na Somaliland, waliliona hilo zamani kwa berkad, yale matangi ya saruji ya kuvunia mvua, ambayo tangu miaka ya 1950 yaligeuza malisho ya masika kuwa makazi ya mwaka mzima na kuzaa mashauri yasiyokwisha ya nani mwenye nchi. Upande wenu kuna jambo jingine la kuangalia. Hifadhi ya maji ya Merti, iliyo chini ya ardhi kuanzia pande za Habaswein hadi Dadaab na mpaka wa Somalia, ina maji matamu katikati na ya chumvi pembeni. Ukivuta kupita kiasi, chumvi husogea ndani, na chumvi ikishaingia kisimani hakuna mkutano wa wazee utakaoitoa.

Kwa hiyo kama kampuni itatoa visima vya sola kuwa zawadi, na kampuni nyingi hufanya hivyo, wazee waseme mapema ni visima vingapi, viko wapi, vinafungwa mwezi gani ili malisho yapumzike, na nani anashika ufunguo. Xeer, sheria ya mila ya Wasomali, ina maneno mengi juu ya kisima kilichochimbwa kwa mkono na haki ya aliyekichimba. Haina maneno ya kutosha juu ya kisima kilicholetwa na mgeni ambaye hana ukoo hapo. Hayo maneno lazima yatungwe sasa, kabla ya tangi la kwanza kujaa.

Watu wa Wajir mnaweza kuyatunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya ukame na mapigano ya koo juu ya malisho na maji, wanawake wa mji wenu, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianza kwa jambo dogo kabisa, nalo ni kuhakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kununua na kuuza sokoni bila kuzuiwa. Kutoka hapo wazee wakaketi, na mwaka 1993 tamko la Al-Fatah likaweka kanuni za malipo na za kuishi pamoja. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na dunia ikaja kujifunza Wajir. Ninalotaka mlione ni mpangilio wa mambo: amani ile ilitangulia maendeleo, na kamati iliyoilinda ilifika hadi kwenye kamati ya maendeleo ya wilaya, ikawa miradi haipangwi bila kuulizwa itaathiri vipi amani. Kama kamati ya namna hiyo bado ina uhai kwenu, ndiyo inayopaswa kuiketisha kampuni.

Huenda mtaambiwa pia kwamba umeme wa jua utaokoa miti kwa kumaliza biashara ya mkaa. Hapo niseme wazi kwamba kituo kikubwa cha umeme hakikomeshi mkaa. Mkaa ni mali asili ambayo huisha kweli, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoharibu amani ya Wasomali kuliko mafuta yote yanayozungumzwa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, migunga ya kusini, hasa galool ambayo wanawake hutumia kujengea aqal, nyumba za kuhamishika za wafugaji, ilianza kukatwa na kuchomwa ili mkaa upakiwe Kismayu na Barawa kwenda nchi za Ghuba. Tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya mkaa, na kila mgunga uliokatwa ni kivuli, chakula cha ngamia na udongo ulioshikwa usioshwe na mvua. Al-Shabaab waliitoza ushuru biashara hiyo hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku mkaa wa Somalia mnamo Februari 2012. Mwaka huo huo Kismayu ilitoka mikononi mwao, na bado wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliendelea kuripoti majahazi yaliyojaa magunia. Aliyefanikiwa mapema zaidi alikuwa mama mmoja, Fatima Jibrell, ambaye kwa maandamano ya amani na mafunzo ya vijana aliisukuma Puntland kuzuia mkaa usipite bandari ya Bosaso mwaka 2000, na akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2002. Yeye alijua kwamba kumkataza mtu mkaa bila kumpa moto mwingine ni kumkataza chakula, ndiyo maana alihangaikia majiko ya jua, pamoja na kupanga mawe kwenye makorongo ili kuzuia mmomonyoko. Kama kampuni inataka kusaidia miti, ilipie majiko na gesi ya mitungi katika miji na kambi, na iandike hivyo; umeme wa megawati 50 utakaopita juu ya vichwa vyenu kwenda kwingine hautapika ugali wa mtu yeyote hapo.

Na hilo la kupita juu ya vichwa ni la kulidai bila haya. Nchini Somalia, kwa kukosa serikali, wafanyabiashara walijenga umeme wao kwa jenereta, mtaa kwa mtaa, na bei ikafika hata dola 1 kwa yuniti katika baadhi ya miji, mara kadhaa ya ile wanayolalamikia Wakenya. Lakini kwa kuwa mwenye jenereta na mteja wake wanaishi mji mmoja, paneli zilipokuwa rahisi walibadilika haraka bila kungoja mfadhili: Garowe, kwa mfano, kampuni ya mji ilichanganya jua, upepo na dizeli katika mtandao mmoja. Wasomali hawahitaji kufundishwa biashara ya umeme. Kwa hiyo ombeni kwamba mji wenu na vijiji vilivyotoa ardhi viunganishwe kwanza, kwa bei iliyotajwa, na kwamba vijana wenu wafunzwe kuitunza mitambo badala ya kuilinda langoni tu. Jibuti ilizindua mitambo yake ya upepo ya Ghoubet mwaka 2023, ipatayo megawati 60, na umeme huo unatumika humo humo nchini, ambako hapo awali walitegemea mafuta na nyaya kutoka Ethiopia.

Kuhusu upepo niongeze neno moja tu. Mabaharia wa pwani yetu wanajua kwamba kusi ikishika kati ya Juni na Septemba bahari ya Banadiri hufungwa, na upepo huo huo ndio unaowapa wahandisi matumaini makubwa. Lakini yapo pia malelezi, majira ya kati ambapo tanga hulegea. Kampuni ikisema “upepo baadaye”, iulizeni kama imesimamisha mlingoti wa vipimo na kukusanya takwimu za mwaka mzima. Kama haijafanya hivyo, inataka kushika ardhi yenu kwa jambo ambalo yenyewe haijalijua; basi ardhi hiyo itolewe kwa kibali cha vipimo peke yake.

Limebaki suala la tarehe. Februari ni katikati ya jilaal. Vijana wako mbali na ngamia, familia zimegawanyika, na koo jirani ambazo hulisha kwenu wakati wa mvua hazipo kusikia linalosemwa. Thuluthi mbili ya watu wazima haiwezi kupatikana kwa haki mwezi huo, na atakayerudi Aprili akute uzio mahali alipoacha njia hataulizia sheria ya mwaka 2016. Mwandikieni mwekezaji, nakala kwa kaunti, kwamba mkutano usogezwe hadi Mei, mvua za gu zikiwa zimeshika na watu wakiwa wamekusanyika karibu na nyumbani. Miezi hiyo mitatu itumieni kuanza usajili wa ardhi ya jamii na kuchora, kwa mkono wa wachungaji wenyewe, ramani ya njia za mifugo na mabonde ya kiangazi. Ramani hiyo ndiyo iwe karatasi ya kwanza kuwekwa mezani mkutano utakapofunguliwa.